Sungura Aliyefungua Duara Uani Kwetu

Sungura aliletwa Mwakitolyo kwa bodaboda kutoka Shinyanga mjini, ndani ya boksi la biskuti lililotobolewa matundu, na alikuwa ameletwa kufa.

Hilo nililijua kabla sijamwona. Jambo likishazungumzwa kwenye kibanda cha shangazi yangu linakuwa la watu wote, kwa sababu wachimbaji wanaongea huku wanakula, na mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea ugali. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, nikarudi mjini kwa wazazi wangu na shahada ya sosholojia, nikazungusha maombi ya kazi kwenye ofisi hadi walinzi wa getini wakaacha kuniuliza ninakwenda wapi. Siku moja shangazi akampigia baba simu. "Niletee huyo binti anisaidie huku machimboni," alisema, "kuliko kukaa hapo anabishana na redio." Ni kweli nilikuwa nabishana na redio. Redio ilikuwa inasema mambo bila ushahidi.

Kibanda cha shangazi kilikuwa cha mabati, na nyuma yake kulikuwa na uwanja mdogo uliozungushiwa ua wa minyaa: jiko la kuni, kamba ya nguo, pipa la maji na banda la kuni. Mbele, chini ya turubai, walikula wachimbaji wa maduara ya jirani. Duara ndilo shimo la dhahabu, hata kama halina umbo la duara, na nilipouliza sababu, siku ile ya kwanza kabisa, hakuna aliyekuwa nayo. Wakaanza kuniita Msomi.

Aliyemleta sungura alikuwa mwenye duara moja lililokuwa limegoma. Watu wote walimwita Bosi. Alikuwa Msukuma wa makamo, mtu wa maneno machache, aliyekula taratibu kama anayehesabu matonge. Kikosi chake kilikuwa na vijana wachache, na mmoja wao, kijana wa Kahama aliyesuka nywele mistari, ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya wote. Walikuwa wameteremka kwenye lile duara tangu masika bila kutoa kitu cha maana, mpaka Bosi akaenda kwa mganga.

"Mganga wa wapi?" niliuliza, nikiweka bakuli la maharage mezani.

"Unataka ramani?" akasema yule wa nywele. "Ametoa masharti, basi. Sungura mweupe. Jike lisilojua dume. Anashushwa mzima mpaka chini. Na asiwe amelishwa na mkono wa mwanamke."

"Kwa nini mwanamke?"

"Msomi, huko chuoni walikufundisha neno moja tu? Kwa nini, kwa nini."

"Na huyo mzimu aliye chini, sungura anamtakia nini? Supu?"

Wakacheka wote isipokuwa Bosi. "Wewe ongea," aliniambia bila hasira. "Siku utakaposhuka chini, taa ikakuzimikia, utaamini hata kuku."

Boksi lilikuwa chini ya benchi, pembeni ya mguu wake. Nililiinamia, nikachungulia kwenye tundu. Jicho jekundu lilinichungulia. Sijui kama nilikuwa nimekusudia tangu mwanzo au ni lile jicho. Ninachojua ni kwamba mkononi nilikuwa na kabichi niliyotumwa kuikata, na kwamba hoja zangu zote za chuo zilikuwa zimeshindwa kumsogeza Bosi hata kidogo. Nikachana jani, nikafungua boksi, nikalishika mdomoni mwa sungura. Akalila lote, haraka haraka, kama mtu anayetia sahihi.

Shangazi akabaki na mwiko hewani.

"Umeona ulichofanya," Bosi akasema.

"Nimemlisha. Alikuwa na njaa."

"Mayu," yule wa nywele akamgeukia shangazi, akimwita mama kwa Kisukuma, "mtoto wako ametuharibia mzigo."

"Ni wa kaka yangu huyo," shangazi alisema, "na kaka yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Kaeni, nawaongeza nyama. Leo nyama ni ya msiba."

Bosi alimtazama sungura kwa muda mrefu, kisha akanisukumia boksi kwa mguu. "Mchukue," alisema. "Amekwisha kuwa sungura tu."

Waliteremsha jogoo mweupe badala yake. Duara likaendelea kugoma. Nilipomuuliza Bosi imekuwaje, alijibu kwamba jogoo si sungura. Nilitaka kumwambia kwamba dai lisiloweza kukosea halina tofauti na ukimya, lakini shangazi alinikanyaga mguu.

Basi nikawa na sungura. Sikuwahi kufuga kitu. Nilimwachia uani, nikaziba mapengo ya minyaa kwa vipande vya mabati, na yeye akachukua eneo lote kama aliyepangishwa. Alikula maganda ya viazi, majani ya matembele, na pembe ya kanga ya shangazi iliyokuwa imeanikwa kamba ya chini. Alinenepa. Shangazi akaanza kumtazama kwa jicho la kazi yake.

"Huyu akikaangwa na kitunguu," alisema.

"Shangazi."

"Nasema tu. Kusema si kukaanga."

Baada ya wiki chache nikaanza kuona mambo ya ajabu. Kwanza alichimba. Alichagua mahali kati ya banda la kuni na ua, akawa anarusha udongo nyuma kwa miguu, anaingia, anatoka na pua nyekundu, anarudi. Halafu akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani, mafungu mafungu, mpaka ngozi ikaonekana. Nilishtuka. Nikajua ni upele, na upele wa mnyama kwenye uwanja wa mama anayeuza chakula si jambo la kucheka. Mtandao kwetu ulipatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu cha marudio, ile michanga inayobaki baada ya mawe kusagwa karashani na kuoshwa. Nikapanda na simu yangu, nikaandika "sungura kunyonyoka manyoya", nikasoma kuhusu aina za upele kwa kirefu, na ukurasa ukakatika kabla sijafika sababu nyingine. Nikateremka na uamuzi wa kumpaka dawa. Nilimkuta anavuka uwanja na nyasi kavu mdomoni, pande zote mbili, kama mzee mwenye masharubu. Nikacheka, na bado sikuelewa. Msomi mzima.

Aliyeona udongo hakuwa mimi. Alikuwa yule kijana wa nywele, mchana mmoja, alipopita uani kunawa mikono. Machimboni hakuna mtu anayeweza kupita udongo mpya bila kuinama, kama vile hakuna anayeweza kupita mtoto mchanga bila kuuliza kazaliwa lini. Aliinama. Akausugua kwenye kiganja. Kisha, bila kuomba, akachukua karai la vyombo, akamwaga maji ya vyombo, akaweka udongo wa sungura na kuanza kuuosha, akizungusha karai kwa viwiko, taratibu, maji yakimwagika kidogo kidogo ukingoni.

"Hilo karai nilikuwa natumia," nilimwambia.

Hakujibu. Hilo peke yake lilitosha kunisogeza karibu, maana hakuwa mtu wa kutojibu. Kitakoni mwa karai kulibaki mstari mwembamba wa mchanga mweusi. Mwisho wa mstari kulikuwa na punje. Ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Alipotikisa karai, mchanga ulikimbia, punje ikabaki.

"Inaweza kuwa chochote," nilisema, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka. Ninataka hilo lieleweke. Mimi niliyekuwa naomba ushahidi wa kila kitu niliiona punje moja, na papo hapo nikaona nyumba, gari, na digrii ya pili nje ya nchi.

"Nenda kamwite Bosi," akanong'ona. "Tembea. Usikimbie."

Machimboni kunong'ona ndiyo kupiga kelele. Mtu akikimbia, watu kumi wanamfuata; jua likizama kuna mfumuko wa watu wanaofuata dhahabu, na mfumuko ukija hapabaki jiko wala minyaa. Nilitembea kwa namna ambayo nadhani ilionekana vibaya kuliko kukimbia. Bosi akaja na vijana wake mmoja mmoja, kama wanaokuja kudai chenji. Shangazi akavuta bati la mlangoni.

Wakaosha karai la pili. Punje mbili. La tatu, hakuna. La nne, moja.

"Uani kwangu?" shangazi alisema, amejishika kiuno. "Miaka yote napika juu yake?"

"Mganga hakukosea," akasema yule wa nywele. "Alisema sungura ataonyesha duara. Sisi ndio tuliokosea shimo."

"Hakusema hivyo," nilisema. "Alisema atupwe ndani afe. Shangazi, huu uwanja ulisawazishwa na nini?"

"Kifusi. Kililetwa na tipa."

"Kifusi cha wapi?"

"Nimuulize tipa?"

"Kama ni marudio, basi mnaosha mabaki ya karasha. Hakuna mwamba wala chochote chini. Mtabomoa jiko kwa dhahabu iliyokwisha kuchimbwa na watu wengine."

Nilifurahia hoja hiyo. Niliirudia kwa maneno mengine. Walinisikiliza kwa adabu kabisa, na Bosi aliponiona nimemaliza alisema, "Marudio au si marudio, tutajua chini," na kijana mmoja akaenda kuchukua sururu. Hata shangazi alikuwa amekwisha kuanza kuhamisha masufuria yake, akiimba kwa pua.

Kabla ya kuchimba, Bosi alitaka kujua shimo la sungura linaelekea wapi, na kama lina jiwe mwishoni. Ufito waliouingiza ulikwama kwenye kona. Mikono ya wachimbaji haikupita. Wote wakanigeukia, wakautazama mkono wangu.

"Msomi," akasema Bosi, "leo elimu yako ina kazi."

Nikalala kifudifudi. Nikaingiza mkono mpaka kiwiko, kisha mpaka begani, shavu langu likagusa udongo. Palikuwa na ubaridi, halafu kona, halafu ubaridi ukaisha ghafla. Vidole vikaingia kwenye kitu laini, kingi. Nikauchomoa mkono kwa nguvu hata nikajichubua.

"Nyoka?" shangazi alisema kutoka juu ya benchi. Sikujua alipandaje pale.

Mkononi nilikuwa na fungu la manyoya meupe. Niliyatazama. Nikakumbuka kifua chake kilichonyonyoka, na zile nyasi, na kunenepa, na kitu kikanipanda kifuani kwa kasi hata nikasahau kumjibu. Nikarudisha mkono. Chini ya manyoya kulikuwa na joto, na ndani ya joto kulikuwa na vitu visivyo na nywele, vya moto kama maandazi madogo yaliyoopolewa sasa hivi, na vilikuwa vinatembea. Kimoja kilisukuma kidole changu kwa kichwa. Kilikuwa na nguvu. Kilitaka nini kutoka kwangu sijui, lakini kilikitaka sana.

"Kuna watu humu," nilisema.

Nilimaanisha watoto. Lilinitoka hivyo tu. Ila sijawahi kuona neno lolote langu, la kusoma wala la kufikiri, likifanya kazi kama lile. Bosi alinyoosha mikono yote miwili.

"Ondokeni juu," alisema. "Rudini nyuma. Weka chini hiyo."

Vijana walirudi nyuma mara moja, bila kuuliza, wakikanyaga kwa vidole. Mwenye sururu aliilaza chini polepole kama inayolala usingizi. Yule wa nywele alinyoosha shingo.

"Watu gani, Msomi?"

"Amezaa. Wako kule ndani, wazima. Ni wengi."

"Mganga alisema hajui dume."

"Labda dume ndilo lililomjua yeye," shangazi alisema kutoka juu ya benchi.

Tulicheka tukiwa tumeziba midomo, wote, kwa sababu kicheko kikisikika nje ya minyaa kingeleta mfumuko. Mimi nilicheka hadi nikatoa machozi, bado nimelala chini, mkono mmoja ukiwa na udongo mpaka begani.

Bosi ndiye aliyerudisha habari ya kazi. Kuna sheria, alisema, na nyinyi mnaijua. Duara lenye watu ndani halichimbwi juu. Hupigi sururu, huweki mzigo, hupiti, mpaka wa mwisho atoke.

"Bosi," mmoja wao akasema, "wale ni sungura."

"Duara lina watu au halina?"

"Tutasubiri sungura?"

"Wewe hujawahi kusubiriwa?"

Yule kijana alitazama chini. Baadaye shangazi alinieleza kwamba kijana yule aliwahi kufukiwa, na kwamba mdogo wake Bosi alifukiwa pia, kwenye duara jingine, kule upande wa Geita. Watu walitoka, wakahesabiwa, ikasemwa wametimia. Hawakuwa wametimia. Shangazi alinieleza hayo akichambua mchele, akaacha hapo, na mimi kwa mara ya kwanza sikuuliza swali.

Nikarudi juu ya kichuguu na simu. Mara hii niliandika vizuri, na ukurasa ulipofunguka nilikuwa nausoma kwa sauti peke yangu kama mwendawazimu. Wanazaliwa vipofu. Wanafunikwa manyoya ya mama. Wanatoka wenyewe baada ya wiki tatu hivi. Nilishuka nikikimbia, nikakumbuka kwamba kukimbia ni hatari, nikatembea.

"Wiki tatu," nilimwambia Bosi.

"Tutasubiri," alisema, kama niliyemwambia chai haijachemka.

Sasa ikaanza kazi ya kuwalea watoto tusiowaona. Jambo lililotusumbua ni mama yao. Alikuwa analala kivulini mchana kutwa, miguu imenyooshwa, hana habari na shimo. Tena alikuwa ameliziba kwa udongo. Shangazi alisema amewatupa. Shangazi mwenyewe alikuwa amezaa watoto watano na kunyonyesha wote, na hakuwahi kuona mama anayelala mbali na mtoto namna ile. Alichemsha maziwa ya ng'ombe, akayapoza, akataka nifukue. Tulibishana. Nilimwambia nimesoma kwamba sungura ananyonyesha mara moja au mbili kwa siku tu, dakika chache, ili asiwaonyeshe adui njia. Akaniuliza aliyeandika hayo amezaa mara ngapi. Ukweli ni kwamba na mimi sikuwa na uhakika. Ule ukurasa wa upele nao ulikuwa umeandikwa kwa kujiamini.

Kwa hiyo nikaamka alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, nikakaa juu ya ndoo. Mwanga ulipoanza kupenya kwenye minyaa alikuja. Aliangalia kulia na kushoto. Akafukua mlango, akazama. Nilisikia sauti, ndogo, kama kitambaa kinachosuguliwa. Alitoka muda si mrefu, akarudishia udongo na kuushindilia kwa mikono ya mbele, pa, pa, pa, kisha akaweka nyasi juu na kwenda zake kulala. Niliingia ndani nikamwamsha shangazi kwa kumtikisa. "Ananyonyesha," nilisema. "Anafunga na mlango." Shangazi alikunywa yale maziwa mwenyewe.

Siku iliyofuata Bosi alitaka kuona. Alikuja na kikosi chake kabla ya kwenda kazini, wakageuza ndoo, wakakaa mstari mmoja kimya kama kwaya inayosubiri mchungaji. Sungura alipoanza kushindilia udongo, yule wa nywele alishindwa kujizuia.

"Huyu anafanya kazi safi kuliko sisi," alinong'ona. "Na hana hata kofia."

"Duara la wanawake watupu," shangazi akasema. "Ndiyo maana halijagoma."

Wakawa wanakuja karibu kila siku. Kila mmoja alileta kitu: majani ya viazi, mahindi mabichi, karoti iliyotoka Shinyanga mjini kwa bodaboda ileile. Waliokula kwa shangazi bila kujua habari waliona tu kwamba kikosi cha Bosi kimekuwa na uchangamfu usioeleweka, na uvumi ukazuka kwamba duara lao limefunguka.

Kisha mvua ikanyesha. Haikuwa msimu wake. Ilikuja mchana, ya upepo, na maji yakaanza kuteremka kutoka barabarani kuelekea banda la kuni. Nilikimbilia shimo na jembe, nikaanza kuweka tuta, tuta likayeyuka. Mama alikuwa amejikunyata kwenye kona akitazama. Nililia kwa hasira. Nilikuwa nikimwambia shangazi alete kitu chochote, na shangazi alikuwa analeta kitu chochote: sinia, gunia la mkaa, meza.

Bati la mlangoni likaanguka, Bosi akaingia na watu wake, matope mpaka kifuani, wamebeba viroba vya mchanga. Walikuwa wameacha duara lao lenyewe likiingia maji.

"Usikanyage hapo juu," Bosi alinipigia kelele. "Ubao. Leteni ubao."

Walijipanga bila kuelezana. Viroba upande wa juu, mfereji upande wa chini, turubai la wateja likang'olewa na kufungwa juu ya shimo kwa fito nne, na hakuna hata mguu mmoja uliokanyaga pale ambapo watoto walikuwa chini yake. Yule wa nywele alilala kwenye maji na kuyageuza kwa mwili wake mpaka kiroba cha mwisho kilipofika. Wateja waliokuwa wanakula walibaki na sahani kwenye mvua, wakitazama uani, na hapo ndipo kijiji kizima kilipojua kwamba Bosi wa duara anamwokoa sungura. Kwa bahati ilikuwa habari ya kuchekesha mno hata hakuna aliyeuliza habari ya dhahabu.

Mvua ilipokatika niliingiza mkono. Nyasi zilikuwa kavu. Kulikuwa na joto. Kitu kiliniuma kidole.

"Wana meno," nilisema, na wote wakaniomba nionyeshe kidole.

Watoto walitoka siku ya Jumapili, saa za alasiri, jua likiwa upande. Nilikuwa naosha vyombo. Udongo wa mlangoni ulisogea, ukatokea uso usiozidi kijiko, wa kijivu, masikio bado mafupi. Ulinusa hewa ya Mwakitolyo, ukapiga chafya. Nilipeleka habari kwa Bosi, na nakiri safari hiyo nilikimbia.

Alikuja amevaa shati la kanisani. Alichuchumaa pembeni ya mlango kama anavyochuchumaa mtu wa zamu mdomoni mwa duara, akaanza kuita kila anayetoka, kwa sauti ileile ya kazini.

"Mmoja." Yule wa kijivu. "Wawili." Mwenye baka jicho moja. "Watatu. Wanne." Hao walitoka pamoja, wakagongana. Tulisubiri. Shangazi aliacha mchuzi ukaungua. Tulisikia harufu yake na hakuna aliyejali. "Watano." Mweupe kama mama yake.

Mama alikuja akawanusa mmoja mmoja, akaenda kula. Watoto wakatawanyika chini ya kuni, wakirukaruka hovyo. Tulingoja mpaka kivuli cha banda kikafunika mlango.

"Wametimia," akasema yule wa nywele, na akaenda kuchukua sururu iliyokuwa imeegemezwa kwenye minyaa muda wote huo. Alimpa Bosi. Ni haki ya mwenye duara kupiga la kwanza.

Bosi aliishika. Kule ndani ndiko walikokuwa wakilala bado, wasingekuwa na pengine pa kurudi usiku ule. Nilikuwa na hoja nyingi, za marudio, za jiko, za uwezekano, na nilijua zote hazifai kitu hapo. Nikauliza swali moja tu.

"Waliingia wangapi?"

Bosi hakuniangalia. "Unasema?"

"Tumehesabu waliotoka. Walioingia nani aliwahesabu? Mimi niliwagusa, sikuwahesabu."

"Watano wametoka, Msomi," yule wa nywele akasema. "Sungura anazaa wangapi?"

"Wanne. Sita. Nane. Inategemea."

Bosi alisimama na sururu mkononi, uso wake umekuwa kama wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Nilijuta kwa kuliuliza swali lile mbele yake, na nisingelirudisha hata kwa dhahabu.

Ndipo udongo uliposogea. Hatukuona uso kwanza, tuliona sikio moja, likakwama, likatoka. Alikuwa mdogo kuliko wote, mweusi mwenye mguu mmoja mweupe, na alitoka kinyumenyume, akaanguka, akakaa hapo kati ya viatu vya Bosi.

"Sita," Bosi alisema. Alisema kwa sauti ya chini, siyo ile ya kazini.

Alikaa chini, na shati lake la kanisani, akamwinua yule mdogo na kumweka kwenye kiganja. Tulimwacha. Baadaye alimpa yule wa nywele sururu.

"Irudishe kambini."

"Bosi, si wameshatoka?"

"Ulisema wametimia wakiwa watano. Wa saba unamjua?"

"Simjui."

"Basi."

Kipimo cha kumaliza ubishi wa dhahabu ni rahisi: ni kuosha udongo wa kona nyingine ya uwanja, ambako sungura hakuchimba. Kikitoka kitu, ni kifusi cha marudio, na nilikuwa sahihi. Karai lipo, maji yapo. Sijafanya. Kila nikilishika karai napata kazi nyingine.

Wale sita wamekuwa wakubwa sasa, na mweusi anakaa kambini kwa Bosi, analala kwenye kofia. Shimo lipo palepale, limezungushiwa viroba. Wachimbaji wakija kula, kabla hata ya kuagiza, lazima mmoja achungulie uani.

"Shikamoo, Mayu. Wa saba katoka?"

"Marahaba. Bado," shangazi anajibu, na kumwongezea mchuzi.